Kushona Mavazi ya Tamthilia ya Muziki Shuleni: Mwongozo kwa Mfano wa Maisha ya Siti binti Saad

Vazi la tamthilia ya muziki hubeba kazi ambayo sare ya shule wala nguo ya sikukuu haiijui. Mvaaji wake huimba kwa kifua kilichojaa pumzi, hucheza, huchuchumaa na kutoka jasho chini ya taa, kisha hukimbilia nyuma ya pazia na kurudi baada ya beti mbili akiwa mtu mwingine. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unatanguliza mambo ambayo mafundi wengi huyakumbuka mwishoni, yaani pumzi na mabadiliko ya nguo, na kuuacha urembo ufuate nyuma yake.

Maelezo ya jumla huchosha, kwa hiyo nitafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho. Tuchukulie kwamba shule ya sekondari ya Unguja, Dar es Salaam au Mombasa inaandaa tamthilia ya muziki kuhusu maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu aliyezaliwa Fumba, Unguja, mnamo 1880, akauza vyungu, akahamia mjini mwaka 1911, akasafiri hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na kufariki mwaka 1950. Wahusika ni wanafunzi 24, cherehani ni tatu, na muda ni muhula mmoja. Hadithi hii inafaa sana kufundishia ushonaji wa jukwaani kwa sababu Zanzibar ya wakati ule ilimpanga mtu kwa nguo aliyoivaa, na mhusika mkuu hupanda ngazi za maisha mbele ya macho ya watazamaji.

Anza na jedwali kabla ya michoro

Kishawishi cha kwanza ni kuchora magauni mazuri. Kiache kwa wiki moja. Soma mswada wote ukiwa na karatasi yenye safu tano: onyesho, mhusika, vazi, anachokifanya akiwa nalo, na muda alionao kulivua. Safu mbili za mwisho ndizo zenye thamani. Ukiandika kwamba msichana anaingia na mtungi kichwani, utajua kwamba kwapa za vazi lake lazima ziruhusu mkono kuinuka bila kuvuta nguo nzima juu. Ukiandika kwamba waimbaji wanakaa mkekani kwa wimbo mzima, utajua kwamba gauni la kubana mapajani halifai hata likiwa zuri kiasi gani.

Muda wa kubadilisha nguo usiukisie. Hudhuria mazoezi na simu yenye saa ya kuhesabu sekunde, upime tangu mhusika anapotoka jukwaani hadi anapohitajika tena, halafu upunguze sekunde 15 kwa ajili ya giza, msongamano wa nyuma ya pazia na hofu. Mabadiliko ya dakika mbili au zaidi hayana shida. Yaliyo chini ya dakika moja yapigie mstari mwekundu, kwa kuwa hayo ndiyo yatakayoamua vazi lishonwe namna gani. Iwapo mwimbaji mkuu ana sekunde 20 tu, zungumza na mwalimu anayeongoza mchezo mapema ili aongeze ubeti wa kiitikio. Ni rahisi zaidi kurefusha wimbo kuliko kushona muujiza.

Nani anavaa nini, na mwaka gani

Hapa ndipo tamthilia nyingi za shule huanguka: wahusika wote huvishwa kanga mpya na kanzu nyeupe zilizopigwa pasi, awe tajiri au mtumwa, iwe 1885 au 1930. Matokeo yake ni kwamba watazamaji hawaoni safari yoyote. Jambo la kuzingatia ni kwamba katika karne ya 19 watumwa na maskini wa Unguja walivaa zaidi kaniki, yaani kitambaa cha pamba kilichotiwa rangi ya nili iliyokoza, na merikani, kile kitambaa kizito cha pamba kisichopaushwa ambacho wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, walikileta kwa wingi Zanzibar. Mwanamume mtumwa hakutarajiwa kuvaa kofia, na mwanamke mtumwa hakutarajiwa kujifunika kichwa kama bibi wa nyumba. Utumwa ulipofutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, watu waliokuwa huru sasa walianza kuvaa kanzu na kofia, na wanawake wakajipamba kwa kanga, ambazo zilikuwa zimeenea pwani katika miongo ya mwisho ya karne hiyo. Buibui lilikuja kuzoeleka mjini mwanzoni mwa karne ya 20.

Siti alizaliwa katika familia yenye asili ya utumwa, na jina lake la utotoni lilikuwa Mtumwa. Kwa fundi, habari hiyo ni maagizo kamili ya rangi. Onyesho la Fumba liwe la kaniki na merikani, bluu iliyokoza na rangi ya maziwa yaliyochujuka, bila nyekundu hata moja. Onyesho la kuuza vyungu mjini liingize kanga za kwanza, lakini kwa wanawake wengine, si kwa Siti. Baada ya 1911 yeye mwenyewe avae kanga, kisha buibui anapotoka nje. Anapofika kilele cha sifa zake, ndani ya nyumba za wenyeji wakubwa, avae gauni la hariri au la kitambaa kinachong'aa kama hariri. Wanaume maskini wabaki na shuka kiunoni. Wanaume wa mjini wavae kanzu na kofia. Matajiri wa Kiarabu waongeze joho na kilemba. Na baadhi ya wapigaji wa ala wavae tarbushi nyekundu, kama inavyoonekana katika baadhi ya picha za zamani za vikundi vya taarabu.

Kuhusu kanga, kuwa mwangalifu. Kanga za mwanzo hazikuwa na maandishi, na zilipoanza kuandikwa mwanzoni mwa karne ya 20, ziliandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kanga yenye picha ya kiongozi wa leo au yenye maneno ya kampeni itaichekesha safu ya mbele. Chagua zenye madoa, zenye umbo la korosho, au kisutu chenye nyekundu, nyeusi na nyeupe, ambacho kinalifaa hasa onyesho la harusi. Maandishi ya kisasa yafiche ndani ya mkunjo wa kiunoni. Pia fahamu kwamba kwa familia nyingi kaniki inahusishwa na uganga, na mzazi anaweza kushtuka kumwona mtoto wake ameivaa. Waeleze wazazi mapema, au tumia pamba ya kawaida ya bluu iliyokoza, ambayo kwa mbali haina tofauti.

Kuazima, kununua, kujaribu kitambaa

Kabla ya kununua chochote, pitisha barua kwa wazazi ukiomba kuazima kanzu, kofia, kanga na makubadhi. Katika shule za pwani unaweza kupata nusu ya mavazi kwa njia hiyo. Kila kilichoazimwa kiandikwe katika daftari na kishonewe kipande kidogo cha utepe chenye jina la mwenyewe, kwa mishono miwili tu inayotoka bila kuacha alama. Sharti la kuazima ni kwamba nguo ya mtu haikatwi wala haipunguzwi. Ikihitaji kufupishwa, ipigwe bandi kwa mkono, kwa mishono mirefu itakayofumuliwa.

Vinavyobaki vinunuliwe Darajani, Kariakoo au katika Mtaa wa Biashara wa Mombasa, kulingana na ulipo. Kwa kanzu za kundi la waimbaji, njia nafuu kuliko zote ni mashuka meupe ya pamba kutoka mitumba, ambayo yamekwisha kufuliwa mara nyingi na hayatarudi tena. Muuzaji atakuambia kila kitu ni pamba. Omba nyuzi chache za ukingoni, uende nazo mbali na vitambaa, uziwashe juu ya bakuli la maji: pamba hutoa harufu ya karatasi inayoungua na kuacha jivu jepesi, ilhali poliesta huyeyuka na kuganda kama shanga ngumu. Poliesta ina nafasi yake katika joho na gauni la kung'aa, kwa kuwa haikunjamani ndani ya basi, lakini haifai kwa nguo inayogusa mwili wa mtu anayecheza kwa saa nzima.

Pamba mpya ifuliwe na kupigwa pasi kabla ya kukatwa, la sivyo itarudi baada ya ufuaji wa kwanza na kanzu ya kifundoni itaishia kwenye vigimbi vya miguu. Nyeupe kali nayo huumiza macho chini ya taa na kuufanya uso wa mwimbaji uonekane gizani. Chemsha vijiko sita vya majani ya chai katika lita tano za maji, chuja vizuri, tumbukiza kipande cha majaribio kwa dakika kumi, kikaushe, kisha ukiangalie. Ukiridhika, fanya hivyo kwa mashuka yote kwa wakati mmoja, ukiyageuzageuza, maana nguo iliyotulia majini hutoka na mabaka. Kwa merikani ya Fumba acha kitambaa kikae muda mrefu zaidi. Mabaka machache yataisaidia ionekane imechakaa.

Vipimo vya mtu anayeimba

Mwanafunzi wa kike apimwe na mwalimu au fundi wa kike, wa kiume na wa kiume mwenzake, katika chumba chenye mtu wa pili anayeandika. Vipimo vya lazima ni kifua, kiuno, nyonga, upana wa mabega, urefu wa mkono kutoka ncha ya bega, urefu kutoka begani hadi kifundoni, na mzunguko wa kichwa kwa wanaovaa kofia. Andika tarehe kando ya kila jina, kwa sababu kijana wa kidato cha pili anaweza kurefuka kati ya kupimwa na kupanda jukwaani.

Kifua kipimwe mara mbili. Kwanza mwanafunzi atoe pumzi, kisha avute pumzi kama anavyovuta kabla ya sauti ndefu kuliko zote katika wimbo wake, na futikamba ifuate mbavu zinavyopanuka. Tofauti hiyo, ambayo mara nyingi huwa ya sentimita kadhaa, ndiyo hufungua zipu mbele ya watazamaji. Kipimo cha kukatia nguo ni kile kikubwa. Kiuno cha mwimbaji nacho kisibanwe na mkanda usiovutika: weka mpira nyuma, au kulabu mbili zinazotoa nafasi mbili za kufunga.

Usitengeneze pateni 24. Panga wanafunzi katika makundi matatu ya ukubwa, kata pateni tatu kwa karatasi ya kaki, kisha urekebishe urefu wa kila mmoja. Wanne au watano, akiwamo Siti mwenyewe, wanastahili pateni zao.

Kanzu, kipande kwa kipande

Kanzu ndilo vazi litakaloshonwa kwa wingi zaidi, na umbo lake la asili, lililojengwa kwa vipande vilivyonyooka, linafaa kuimbia na kuchezea kuliko shati lolote la kisasa. Mfano ufuatao ni wa kijana mwenye kifua cha sentimita 90 akiwa amevuta pumzi, mabega ya 42, mkono wa 60, na urefu wa 142 kutoka begani hadi kifundoni. Mita tatu za kitambaa chenye upana wa sentimita 115 zinamtosha.

Kata kiwiliwili kwanza, kikiwa kipande kimoja cha mbele na nyuma kinachokunjwa mabegani. Upana wake ni nusu ya kifua kilichoongezwa sentimita 28, pamoja na sentimita tatu za mishono. Kwa kijana huyu ni 62. Urefu ni mara mbili ya 142 na tano za upindo, yaani 294. Kata kipande hicho upande mmoja wa kitambaa kwa urefu wake wote, na ukanda wa sentimita 53 unaobaki utatoa vingine vyote.

Katika ukanda huo kata mikono miwili, kila mmoja upana wa 51 na urefu wa 57. Mkono ni mfupi kuliko kipimo cha mwili kwa sababu kiwiliwili kinashuka kupita bega kwa zaidi ya sentimita nane. Kisha kata pembetatu mbili za ubavuni, urefu wa 115 na upana wa 20 chini, zikipangwa moja kichwa juu na nyingine kichwa chini ili kitambaa kisipotee. Mwisho kata miraba miwili ya sentimita 12 kwa 12 ya kuwekwa kwapani. Fundi mwenye haraka atakushauri uiache miraba hiyo. Usikubali: bila hiyo, kijana akiinua mikono kupiga makofi, kanzu yote itapanda hadi magotini.

Shingo ikatwe kwa woga, kwani mkasi huongeza tundu lakini haulipunguzi. Kunja kiwiliwili mara nne upate kitovu cha mabega, chora duara dogo linaloingia sentimita mbili upande wa nyuma na nane upande wa mbele, likiwa na upana wa 12. Kata ndani ya mstari kidogo, jaribu kwa mvaaji, kisha ongeza. Pasua mbele sentimita 22 kwenda chini ili kichwa kipite, na uizungushie shingo utepe wa upana wa sentimita nne uliokatwa kwa mshazari, kwa sababu utepe ulionyooka hukataa kulala kwenye duara. Urembo wa shingoni, ambao katika kanzu halisi hudariziwa kwa mkono, unaweza kufanywa kwa mistari mitatu ya cherehani ya uzi mnene mwekundu au mweupe. Kwa umbali wa mita tano hakuna atakayeona tofauti.

Utaratibu wa kushona ni huu. Maliza shingo wakati nguo bado imelala bapa. Linganisha katikati ya mkono na mkunjo wa bega, uushone kwenye kiwiliwili sentimita 24 kila upande. Shona upande mmoja wa mraba kwenye ukingo wa mkono na upande unaoungana nao kwenye ubavu wa mbele, kisha pande mbili zilizobaki kwenye ukingo wa pili wa mkono na ubavu wa nyuma, hivi kwamba mraba unakaa kwapani umesimama kwa pembe. Ncha ya pembetatu ianzie kwenye pembe ya chini ya mraba huo. Mishono yote ni ya sentimita 1.5, hatua ya cherehani iwe milimita 2.5, na sindano ya namba 90/14 kwa mashuka ya pamba. Kingo zimalizwe kwa ovaloki. Kama haipo, kwa zigizaga, na kama cherehani ni ile ya miguu inayoshona mstari tu, kunja ukingo na kuupiga mstari wa pili. Piga pasi kila mshono kabla haujavukwa na mwingine. Pasi ya mkaa inafaa, ila weka kitambaa chenye unyevu katikati, maana cheche moja inatosha kuharibu kazi ya siku nzima.

Upindo wa chini usishonwe mpaka kila mwanafunzi awe amevaa kanzu yake na viatu vyake vya jukwaani. Kanzu ina nafasi ya kutosha ubavuni, kwa hiyo kijana akikua ni urefu tu utakaohitaji kushushwa, na zile sentimita tano ndizo akiba yake.

Jambo dogo la mpangilio linalookoa saa nyingi: tenga cherehani moja kwa uzi mweupe, moja kwa uzi mweusi, na ya tatu kwa rangi nyingine. Wanafunzi wapange kazi kwa hatua, mmoja akishona mikono ya kanzu zote na mwingine shingo zote, badala ya kila mmoja kubeba kanzu yake. Atakayeshona shingo ya kumi ataishona vizuri mara mbili kuliko ya kwanza, kwa hiyo kanzu za waimbaji wanaosimama mbele ziachwe za mwisho.

Kaniki, kanga na buibui zinazovuliwa haraka

Nguo ya kufunga ni adui wa jukwaa. Kanga iliyofungwa kwa fundo hustahimili kutembea sokoni, lakini dakika ya tatu ya ngoma ya msondo italegea. Kwa wachezaji, shona mkanda wa pamba wenye upana wa sentimita nne na kulabu mbili, kisha ushikize ukingo wa juu wa kanga kwenye mkanda huo kwa bandi ndefu. Kanga haikatwi, inazungushwa mwilini kama kawaida, fundo la mapambo linafungwa juu yake, na baada ya onyesho bandi inafumuliwa na kanga inarudi kwa mwenyewe ikiwa nzima. Ya kifuani iongezwe utepe mwembamba wa ndani unaopita mabegani, wa rangi ya ngozi ya mvaaji.

Safari ya Siti mwenyewe ishonwe kwa tabaka. Chini kabisa avae fulana nyepesi ya pamba ya kunyonya jasho, ambayo haivuliwi. Juu yake gauni la maonyesho ya mjini, na juu ya gauni, katika maonyesho ya Fumba, kaniki pana iliyoshikizwa begani na ubavuni kwa vifungo vya kubonyeza. Mpito wa kwanza basi ni kuvua tu. Velkro ni rahisi kushona, lakini mlio wake husikika hadi safu ya nyuma pindi muziki unaponyamaza. Mimi huitumia tu mahali ambapo ngoma zinalia. Vifungo vinavyoonekana kwa nje vishonewe juu ya kitambaa kama pambo, na chini yake viwepo vya kubonyeza.

Buibui ndilo zawadi kubwa kuliko zote ambayo hadithi hii inampa fundi. Lile la zamani lilikuwa kitambaa cheusi kipana, lenye kamba ya kufunga kichwani, likimfunika mtu kutoka utosini hadi miguuni. Kwa jukwaa, unganisha vipande viwili vya kitambaa chepesi cheusi upate mzunguko wa kama mita tatu, urefu uwe wa mvaaji kutoka utosini hadi kifundoni pamoja na sentimita 20, na kamba ishonwe katikati ya ukingo wa juu. Chini yake Siti anaweza kuvaa chochote, hata gauni la Bombay, na kulifunua kwa pumzi moja anapoingia ndani ya nyumba. Mahali pengine katika tamthilia mabadiliko ya nguo hufichwa nyuma ya pazia. Hapa yanafanyika mbele ya watu na yanakuwa sehemu ya mchezo. Tahadhari moja: buibui jeusi mbele ya pazia jeusi humeza mtu. Omba pazia la rangi nyingine, au acha pindo la kanga lichungulie chini.

Vichwa na miguu

Kofia ya viua, ile iliyotobolewa na kushonwa kwa mkono, huchukua majuma mengi na si kazi ya muhula. Azima au nunua za cherehani. Tarbushi inaweza kushonwa. Kwa kichwa cha sentimita 57 kata vipande sita vya kitambaa kizito chekundu, kila kimoja upana wa 9.7 chini na 7.7 juu, kimo 13, ukiongeza sentimita moja ya mshono pande zote. Kifuniko ni duara la kipenyo cha 14.6, nacho kiongezewe mshono huohuo. Bandika kwa pasi kitambaa kigumu upande wa ndani kabla ya kuunganisha, weka bitana, na ushone kishada cha nyuzi nyeusi katikati ya kifuniko.

Makubadhi hayana tatizo. Mitalawanda, yaani viatu vya mbao, hupendeza sana katika maonyesho ya ndani ya nyumba, ila mti juu ya mbao hufunika sauti ya mwimbaji; gundisha kipande cha mpira wa tairi la baiskeli chini yake. Bangili nazo zijaribiwe karibu na mikrofoni kabla hazijaruhusiwa.

Mazoezi kwa mavazi kamili

Panga mazoezi mawili ya mavazi, la kwanza likiwa siku kumi kabla ya onyesho ili pawepo muda wa kufumua na kushona upya. Kila mwanafunzi akiwa amevaa, aimbe sauti yake ya juu kabisa, ainue mikono, achuchumae, akae mkekani na kuinuka bila kujishika nguo. Yule atakayejivuta au kujirekebisha hata mara moja, andika jina lake na mahali aliposhika. Mikono ya mvaaji hujua kasoro ya nguo kabla ya jicho la fundi.

Fundi akae safu ya nyuma, si nyuma ya pazia, kwa nusu ya kwanza ya zoezi. Kwa mbali utagundua kwamba urembo uliokuchukua jioni mbili hauonekani, na kwamba kanga mbili za rangi zinazokaribiana zinawafanya wahusika wawili waonekane mmoja. Nusu ya pili kaa nyuma ya pazia na upime mabadiliko ya nguo, ukiwa na wasaidizi wawili waliopangiwa kazi: mmoja wa kuvua, mmoja wa kuvisha, bila kubadilishana. Kama kuna mikrofoni za kubebwa mwilini, shona mfuko mdogo wa pamba kwenye mkanda wa ndani, nyuma ya kiuno, na utengeneze tundu la waya kupita ndani ya nguo.

Siku ya onyesho na siku inayofuata

Kila mhusika awe na mfuko wake wenye jina na orodha ya vilivyomo. Nguo za mabadiliko ya haraka zipangwe juu ya meza kwa mfuatano wa kuvaliwa, zikiwa zimefunguliwa vifungo na kugeuzwa upande wa kuvaa. Fundi avae aproni yenye sindano tatu zilizotiwa uzi tayari, mweupe, mweusi na mwekundu, pini za kufungia nguo, mkasi mdogo na mpira wa akiba. Chai ya rangi na soda ya rangi zipigwe marufuku kwa yeyote aliyevaa kanzu.

Asubuhi inayofuata, fumua bandi zote za kanga za kuazima kabla ya kufua. Kanga mpya na kaniki zilowekwe peke yake katika maji ya baridi, maji yamwagwe na kubadilishwa mpaka yatoke safi, ndipo zifuliwe. Zikichanganywa na kanzu, kanzu zitatoka na rangi ya nili. Kausha kivulini vitambaa vya rangi na juani vile vyeupe. Tarbushi zijazwe magazeti ili zisibonyee. Mavazi ya shule yahifadhiwe katika mifuko ya pamba pamoja na pateni zake na karatasi ya vipimo, na vya kuazima virudishwe ndani ya wiki hiyo, vikiwa vimepigwa pasi, kwa saini ya mpokeaji katika daftari lilelile vilivyoandikiwa.